Kazi za Mikono Katika Ukambani: Faida Iko Katika Kumalizia

Katika nchi ya Kitui na Makueni mwaka wa mkulima hugawanywa na mvua mbili. Mvua za vuli, zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi. Mvua za masika, za Machi mpaka Mei, mara nyingi huwa haba, na kuna miaka ambayo hazifiki kabisa. Baada ya mavuno ya kila msimu huja majuma ambayo jembe hutundikwa, na hapo ndipo akina mama wa Ukambani hushika mkonge, sindano na uzi. Si kwamba wamepata nafasi ya kupumzika, maana maji yako mbali na kuni ziko mbali, na kila anayepita katika njia za Mutomo au Kibwezi wakati wa kiangazi huwaona wakienda huku mikono ikisokota kamba. Lakini ni majuma ambayo kazi ya mkono yaweza kupewa fikira.

Katika majuma hayo husukwa viondo, hutariziwa vitambaa vya meza na vya viti, na hushonwa mifarishi midogo ya viraka kwa ajili ya watoto wachanga, hasa kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo baridi huingia katika milima ya Mbooni na Kilungu. Kazi hizi zinajulikana sana, na sifa ya kiondo cha Mkamba imevuka bahari. Hata hivyo liko jambo moja ambalo huwapunguzia wengi faida, nalo ni kumalizia. Kazi hufanywa vizuri kwa siku nyingi, kisha huachwa au huharakishwa pale penye ukingo.

Kiondo ndicho mfano ulio wazi. Mama hukata majani ya mkonge, huyakwarua mpaka nyuzi zibaki, huziosha, huzianika, huzisokota pajani, huzitia rangi, kisha husuka. Kiondo kikubwa huweza kumchukua majuma kadhaa. Kuta zikisha kusimama, mara nyingi hukiuza vivyo hivyo, bila mkanda na bila bitana, kwa mnunuzi anayepita sokoni. Mnunuzi hukipeleka mjini, na huko fundi wa ngozi hutia ukingo na mikono kwa kazi ya muda mfupi tu. Hapo ndipo bei inapopanda. Saa nyingi zimekaa upande wa msusi, na sehemu kubwa ya faida imekwenda kwa yule aliyeshika kitobozi na ngozi. Hakuna wizi katika jambo hilo. Mnunuzi wa mwisho hulipia kitu kilicho tayari kutumika, na aliyekifanya kuwa tayari ndiye anayepokea fedha zake.

Kazi ya Zamani, Mafundisho Mapya

Kusuka si elimu iliyoletwa na wageni. Kabla ya mkonge kuenea, Wakamba walisuka kwa nyuzi za magome ya miti, na katika sehemu za joto kama Kibwezi, Mtito Andei na upande wa kusini wa Kitui, nyuzi za mbuyu zilipendwa kwa ulaini na nguvu zake. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico. Uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye ukaenea Kenya, kwanza katika mashamba makubwa na kisha katika mipaka ya mashamba madogo, ambapo hutumika kama ua, kizuizi cha mmomonyoko wa udongo na akiba ya kamba.

Ushonaji na utarizi ulikuja kwa njia nyingine. Shule za misheni zilifundisha wasichana sindano, na chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake vilifundisha kushona, kutarizi, kupika na kulea watoto. Wapo waliokilaumu, kwa kuwa katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 mpaka 1960, serikali ya kikoloni ilikisaidia na kukitumia kwa siasa zake. Lawama hiyo ina msingi. Lakini sindano ilibaki mikononi mwa wanawake baada ya serikali hiyo kuondoka mwaka 1963, na kitambaa kilichotariziwa kikawa pambo la kila sebule katika Kenya.

Wakamba walikuwa pia na desturi ya mwethya, yaani watu wa ujirani mmoja kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao, kisha ya mwingine. Kwa mwethya matuta mengi ya Machakos na Makueni yalichimbwa, na vikundi vingi vya wanawake vilivyofuata baada ya uhuru vilijengwa juu ya desturi hiyo. Katika habari ya kumalizia kazi, mwethya una faida ambayo itaelezwa mwishoni.

Jaribio Lifanywe Katika Kitu Kidogo

Mtu mwenye kiondo kilichomgharimu mwezi mzima huogopa kukitoboa ili ajifunze kushona ngozi, na hofu hiyo ni ya haki. Tundu likikosewa, kazi yote imeingia dosari. Kwa sababu hiyo wengi hurudia njia waliyoizoea mwaka baada ya mwaka, wala si kwa uvivu.

Dawa yake ni kujaribu katika kitu kidogo. Kisukwe kiondo kinachotosha kikombe kimoja cha maharagwe. Kitariziwe kitambaa cha kufunikia mtungi wa maziwa, chenye upana wa sentimita 20. Ushonwe mfarishi wa kumfunika mtoto mchanga, wa mita moja kwa mita moja, kwa mabaki yanayotupwa na fundi wa cherehani. Vitu hivi hutumia uzi kidogo na siku chache. Kikiharibika, hasara ni ndogo na funzo limepatikana. Kikifaulu, chauzika, maana wageni wengi wanaopita katika barabara ya Mombasa hupenda kitu kidogo wanachoweza kukitia mkobani kuliko kikubwa.

Kitambaa cha Kutarizi

Kosa la kwanza hutokea kabla ya sindano kuchomwa. Kitambaa cha pamba hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza. Kikitariziwa kabla ya kufuliwa, maua yatakunjamana siku mnunuzi atakapokifua. Basi kifuliwe kwanza, kianikwe na kupigwa pasi. Nyuzi za rangi nazo zijaribiwe: kipande cha uzi kilowekwe, kiwekwe baina ya matabaka mawili ya kitambaa cheupe kibichi, na kubanwa. Rangi ikionekana katika kitambaa cheupe, uzi huo uoshwe mpaka maji yawe safi, au uachwe. Uzi mwekundu mmoja usiojaribiwa huweza kuharibu kazi ya majuma mawili.

Upande wa nyuma pia ni kazi. Wengi hufunga fundo mwanzo na mwisho wa uzi. Pasi ikipita, mafundo hutokeza mbele kama vipele, na fundo likifunguka ua zima hufumuka. Njia iliyo bora ni kuacha ncha ya uzi yenye urefu wa kidole, kisha kuipitisha chini ya mishono mitano au sita iliyo nyuma na kuikata. Mnunuzi mjuzi hugeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei.

Ukingo nao hutengenezwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni upindo wa mikunjo miwili. Kitambaa hukunjwa mara moja kwa upana wa nusu sentimita, na mara ya pili kwa sentimita moja, ili ncha iliyokatwa ifichike ndani na isichakae. Katika pembe, kipande kidogo hukatwa kwa mshazari kabla ya kukunja, la sivyo pembe itakuwa nene kama kifundo. Upindo upigwe bandi kwanza, ndipo ushonwe.

Njia ya pili ni kuchomoa nyuzi chache za kitambaa sambamba na upindo, kisha zile zilizobaki kufungwa pamoja nne nne kwa sindano. Hufanya safu ya vidirisha vidogo, nayo haigharimu chochote ila macho na subira. Njia ya tatu ni kuzungushia ukingo mshono wa kitanzi, ule unaotumika katika mablanketi, ambapo kila mshono hushika ule uliotangulia. Huo hufaa ukingo uliokatwa mawimbi, lakini mishono iwe karibu karibu na yenye kimo kimoja. Asiyejiamini achore mistari miwili kwa penseli nyembamba, na mishono yote iishie hapo.

Mwisho kitambaa kipigwe pasi kikiwa kimelaliwa kifudifudi juu ya blanketi iliyokunjwa, ili maua yasibanwe yakawa bapa. Wenye pasi ya makaa waijaribu kwanza juu ya kitambaa kikuukuu, maana jivu moja huacha alama isiyotoka.

Mfarishi Mdogo wa Viraka

Mfarishi wa viraka una matabaka matatu: viraka vilivyoungwa juu, kitu cha joto katikati, na kitambaa cha chini. Blanketi kuukuu iliyofuliwa yafaa sana kwa katikati. Kitambaa cha chini kikatwe kikubwa kuliko vingine kwa sentimita 5 kila upande, kwa kuwa matabaka husogea yanaposhonwa. Bandi zianze katikati na kuelekea pembeni, na mishono ya kushikiza matabaka ifuate njia hiyo hiyo, ili mikunjo isukumwe nje. Aanzaye pembeni hujikuta na uvimbe katikati ambao hauna pa kwenda.

Kwa kumalizia, njia iliyo rahisi ni kukileta kitambaa cha chini juu ya ukingo, kukikunja na kukishona mbele. Hiyo haihitaji kitambaa kingine. Lakini mfarishi huanza kuchakaa ukingoni, na ukitoboka hapo, itabidi kitambaa chote cha chini kifumuliwe. Kwa hiyo yafaa kujifunza kutia utepe. Hukatwa ukanda wa upana wa sentimita 6, hukunjwa mara mbili kwa urefu ukawa wa sentimita 3, na ncha zake zilizokatwa huwekwa sawasawa na ukingo wa mfarishi upande wa mbele. Hushonwa sentimita moja kutoka ukingoni, kisha hugeuzwa kwenda nyuma na kushonwa kwa mkono kwa mishono midogo isiyoonekana. Kwa kuwa ukanda umekunjwa, ukingo una kitambaa maradufu, na ukichakaa hubadilishwa peke yake.

Penye ukingo ulionyoka, ukanda waweza kukatwa kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Penye ukingo wa duara, ukatwe kwa mshazari, maana kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbulika na kukubali kupinda. Hiyo ni siri ya mafundi wa nguo, nayo hujaribiwa kwa kuvuta kipande chochote kwa mikono miwili, kwanza kwa wima na kisha kwa mshazari.

Kiondo na Mkanda Wake

Katika kiondo, kamba zinazosimama ni mtande, na nyuzi zinazouzunguka ni mshindio. Kuta zikifika kimo kinachotakiwa, ncha za mtande hubaki zimesimama kama nywele. Desturi ya zamani ni kuzisuka pamoja kuuzunguka mdomo wa kiondo, kila ncha ikilalia ya jirani yake, na kazi hiyo ikifanywa kwa mkono mmoja wenye nguvu ile ile ni ya kudumu sana. Njia nyingine ni kuzikunja ndani, kuzishona kwa shazia, na kuzifunika kwa bitana. Ya tatu ni kuzikata sawasawa baada ya kuzishona, na kuuvika mdomo ukanda wa ngozi.

Bitana hupendwa na wanunuzi wa mjini kwa kuwa huzuia fedha ndogo na funguo zisipenye, na hukubali kutiwa mfuko au zipu. Ishonwe nje ya kiondo kwanza kama mfuko, ikiwa ndogo kidogo kuliko kiondo kwa upana, isije ikajaa mikunjo. Isipungue kwa kimo, maana bitana fupi hubeba uzito wote na kupasuka.

Ngozi ndiyo inayoogopwa zaidi. Matundu yatobolewe kabla ya kushona, kwa kitobozi kimoja, na yapimwe kwa kijiti chenye alama ili nafasi ziwe sawa. Matundu yakikaribiana mno, ngozi itachanika katika mstari kama stempu za posta. Uzi uvutwe juu ya kipande cha nta mara mbili tatu. Kitui na Makueni ni nchi za nyuki, na mizinga hutundikwa mitini katika sehemu nyingi, kwa hiyo nta haina haja ya kutafutwa mbali. Uzi uliopakwa nta hauingii maji upesi, wala haukatiki kwa kusuguliwa na ngozi.

Pale mkono wa kiondo unaposhikana na ukuta, kiwekwe kipande kingine cha ngozi kwa ndani, ili mshono upite katika ngozi mbili na mkonge ukiwa katikati. Bila hicho, uzito wote hushikwa na nyuzi chache. Kikiisha, kiondo cha kutumiwa sokoni kitiwe kilo 5 za mahindi na kutundikwa usiku kucha. Ni heri kikatike nyumbani kuliko kikatike mkononi mwa aliyekilipia.

Faida Igawanywe Namna Gani

Kila mama hana haja ya kununua kitobozi chake, ngozi yake na cherehani yake. Hapo ndipo mwethya unapofaa. Kikundi cha wanawake kumi kikinunua vyombo kwa pamoja, na wawili wakajifunza ngozi, mmoja bitana na mmoja hesabu, kiondo chaweza kutoka mikononi mwao kikiwa kimekamilika. Lakini bei za kazi ziwekwe wazi kabla ya kuanza, na ziandikwe. Vikundi vingi huvunjika kwa kuwa aliyesuka na aliyetia mkanda hawakupatana mapema juu ya fungu la kila mmoja, na si kwa kukosa wanunuzi.

Daftari moja la shule latosha. Upande mmoja ziandikwe gharama: mkonge, rangi, ngozi, zipu, nauli. Upande wa pili iandikwe bei. Mathalani, kiondo kisicho na mkanda kikiuzwa kwa shilingi 500, na chenye mkanda kwa shilingi 900, huenda mtu akasema faida ni 400. Kama ngozi, uzi na zipu vimegharimu 250, iliyobaki ni 150, na kama kazi ya kumalizia imechukua siku moja, mama anajua sasa siku hiyo imemlipa kiasi gani. Huenda akaona inafaa, au akaona kwamba ukingo wa kusuka, usiogharimu ngozi, unamlipa zaidi. Bila daftari hawezi kujua.

Soko lenyewe limebadilika. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Kenya, wengi walirudi kwenye kikapu. Mnunuzi huyo wa nyumbani si mtalii. Anataka kiondo kitakachobeba viazi na unga kila juma, naye hukumbuka mahali alipouziwa kilichokatika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wakati wa Kuuza

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito kuliko pindo na mikanda. Njaa iliyoipata Ukambani mwaka 1984 iliitwa na wenyewe Nikw'a Ngwete, maana yake nitakufa hali nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Wazee wanaoikumbuka hawahitaji kuelezwa kwamba fedha ya kiondo si mahindi.

Kwa hiyo kazi za kiangazi zipangwe kwa kufuata ghala. Kazi zilizoanzwa baada ya mavuno zimalizwe na kuuzwa upesi, wakati nafaka ingali nyingi sokoni na bei yake ingali chini, na sehemu ya fedha igeuzwe chakula cha akiba. Anayekaa na viondo kumi visivyo na mikanda mpaka Septemba atalazimika kuviuza kwa bei yoyote, kwa kuwa mnunuzi anajua watoto wana njaa. Aliyejaribu njia mpya katika kiondo kidogo mwezi wa Juni, akaijua, akamaliza vikubwa mwezi wa Julai, atakuwa ameuza kwa hiari yake.

Basi katika kiangazi kijacho, kila kikundi kichague jambo moja tu jipya la kumalizia, wala si matatu. Lijaribiwe katika kitu kidogo na kila mwanachama, vitu vyote viwekwe mezani pamoja, na vigeuzwe nyuma na mbele bila kuoneana haya. Kile ambacho kila mmoja angependa kukinunua kwa fedha yake mwenyewe, hicho ndicho cha kupeleka sokoni.